Kadi za Mzee wa Mochari

Chumba cha pili katika nyumba ya Dedan Wachira kilikuwa na rafu tatu za mbao, na rafu zote tatu zilijaa vitu vya watoto. Mipira ya makaratasi iliyofungwa kwa kamba. Manati. Gari la waya lisilo na gurudumu moja. Tiara mbili zilizochanika. Kiatu cha plastiki cha mguu wa kushoto. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kadi ndogo ya kaki kwa uzi mweupe, kadi za aina ile inayofungwa kwenye dole gumba la mguu wa maiti.

Sajini Kavutha alisimama mlangoni, mikono nyuma. Ndivyo alivyofundishwa: usiguse kitu mpaka macho yamalize kazi yake. Nyuma yake Konstebo Mutuku alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Sajini, si hii imetosha?" Mutuku alinong'ona. "Tumfunge pingu twende."

"Imetosha kuonyesha nini?"

"Mtu anaweka vitu vya watoto hivi, na kadi za mochari juu yake! Aiya. Watu wa hapa walisema."

Watu wa hapa walikuwa wamesema kwa miaka kumi na mitatu. Tarehe 18 Agosti 2011, wakati wa likizo, mtoto aitwaye Muema, wa miaka minane, alitoka kwao katika kijiji hiki cha Itiani, nje kidogo ya Muthetheni, akaenda kucheza. Hakurudi. Mvua kubwa za mwaka huu zilipobomoa ukingo wa mto, mama mmoja aliyekwenda kuchota maji aliona mifupa imetokeza kwenye udongo. Jumatatu ya wiki hii maabara ilithibitisha kwamba ni Muema. Siku hiyohiyo mtu asiyejulikana alitia moto ua wa Dedan.

"Mashahidi wapo kwenye faili," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Kavutha akimkabidhi faili la zamani lililoliwa na mende pembeni. "Nataka mzee huyo awe kortini kufikia Ijumaa. La sivyo, Ijumaa tutakwenda Itiani kuzoa majivu yake."

Leo ilikuwa Jumatano.

Mashahidi wenyewe walikuwa watoto wawili: Kaloki, aliyekuwa na miaka kumi, na Mbinya, aliyekuwa na miaka saba. Maelezo yao yalifanana kama sahani mbili za duka moja. Tulikuwa tumesimama mtoni. Mpira wetu ulikuwa umeingia kwa Mzee wa Mochari. Tukamwona Muema akiingia langoni kuuchukua. Hatukumwona akitoka. Polisi wa wakati ule walipekua nyumba wasipate mwili, wakamweka Dedan ndani siku nne, wakamwachilia. Kijiji hakikumwachilia.

Kavutha alivaa glavu, akainua kadi ya kile kiatu. Mwandiko ulikuwa wa herufi zilizosimama wima, wa mtu aliyezoea kusomwa na wengine.

Kiatu, kushoto. Kando ya choo. 3/4/2006, saa tano asubuhi. Mwenyewe hajaja.

Akasoma ya tiara. Juu ya paa. 11/12/2008. Mwenyewe hajaja. Ya manati. Ya kofia. Zote ziliishia hivyohivyo.

"Mzee," aliita, "njoo unieleze hivi vitu."

Dedan aliingia polepole. Alikuwa na miaka sabini na minne, mrefu, mabega yameinama. Alitoka Nyeri akiwa kijana, akafanya kazi ya mochari miaka ishirini na tisa, kisha akanunua shamba hapa akitafuta mahali pa kimya. Kimya alikipata zaidi ya alivyotaka. Kanisani benchi alilokalia lilibaki tupu kushoto na kulia, mpaka akaacha kwenda.

"Vilianguka kwangu," alisema. "Watoto wanarusha, vinaruka ua. Wanaogopa kuja kuvichukua. Mimi nikiwapelekea wanakimbia. Sasa ningefanya nini? Kitu cha mtu hakitupwi."

"Na kadi?"

"Ndivyo ninavyojua kuweka kitu cha mtu."

Mutuku alitoa sauti ya pua. Kavutha aliendelea kupekua, kadi kwa kadi, mpaka akafika kwenye mpira mmoja wa makaratasi uliokauka, umepasuka upande. Hapo mkono wake ulisimama. Kadi hii ilikuwa na maneno mengi kuliko nyingine.

Mpira. Karibu na tangi la maji. 18/8/2011, saa kumi kasorobo. Sauti za watoto watatu. Zimeteremka mtoni. Saa kumi na moja zimerudi mbili. Mwenyewe hajaja.

"Uliandika hii lini?"

"Siku hiyo. Kazini kwetu ukingoja kesho unachanganya watu."

"Anaweza kuwa ameiandika jana," Mutuku alisema.

"Anaweza," Kavutha alikubali, akauingiza mpira na kadi yake ndani ya mfuko wa ushahidi. "Ndiyo maana tutawaachia wataalamu wauangalie wino. Mzee, kwa nini hukuwaambia polisi hivi mwaka ule?"

"Niliwaambia. Kijana aliyekuwa anaandika akaniambia niongee juu ya mtoto, niache mambo ya sauti."

Kavutha alifungua faili, akatafuta maelezo ya Dedan. Yalikuwa mistari minne. Sauti hazikuwemo.

Akamtolea picha iliyopigwa mtoni mwezi Mei, kabla mifupa haijatolewa ukingoni. Alimtazama usoni badala ya kutazama picha. Dedan aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaishika kwa kingo, akakaa nayo kwa muda.

"Huyu hakuzikwa," alisema mwishowe. "Huyu alifunikwa."

"Umejuaje?"

"Magoti yamekunjwa. Mgongo umepinda. Na mkono, ona, uko juu ya kichwa. Alikuwa anazuia kitu kilichotoka juu." Alirudisha picha. "Sajini, nimenyoosha watu miaka ishirini na tisa. Hata asiye na jina, aliyeokotwa barabarani, unamnyoosha kwanza. Ningekuwa mimi, hungemkuta hivi."

Maneno hayo hayakuwa ya mtu anayejitetea. Yalikuwa ya fundi aliyeonyeshwa kazi mbaya.

"Kwa nini hukuhama?"

"Nikihama watasema nimetoroka. Na mama yake, Syombua, huja kila Agosti. Anasimama pale nje ya ua, labda nusu saa. Hanitukani. Hanirushii mawe. Anasimama tu. Nikihama, atasimama wapi?"

* * *

Kabla ya kuondoka Itiani, Kavutha aliteremka mtoni peke yake. Alimwacha Mutuku langoni kwa Dedan, akatembea mpaka kwenye jiwe pana ambalo faili lilitaja, palepale Kaloki na Mbinya waliposema walikuwa wamesimama. Akageuka, akatazama juu. Akampigia Mutuku simu.

"Uko langoni?"

"Niko langoni, Sajini."

"Nipungie mkono."

"Ninapunga. Ninapunga mikono yote miwili."

Kavutha aliona ukuta wa nyuma wa nyumba, kipande cha ua kilichoungua, na kichwa cha tangi la maji. Mutuku hakuonekana hata kofia. Lango lilikuwa upande wa pili, likitazama barabara, na kati yake na mto palikuwa na nyumba nzima na mgongo wa kilima.

"Lango limewahi kuhamishwa?" aliuliza. "Muulize mzee, kisha umuulize jirani yeyote anayempinga."

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. Lango lilikuwa hapohapo tangu shamba linunuliwe. Hata jirani, mwanamke aliyesema wazi kwamba angefurahi Dedan akinyongwa, alisema hivyohivyo.

Miaka kumi na mitatu, Kavutha aliwaza, na hakuna afisa hata mmoja aliyeteremka hapa akainua macho.

Alitembea mpaka pale mifupa ilipopatikana. Ukingo ulikuwa mrefu kumzidi, na ingawa mafuriko yalikuwa yameula, sehemu ya juu ilikuwa bado imekatwa wima, laini, kama keki iliyokatwa kwa kisu. Maji hayakati hivyo. Sepetu hukata hivyo. Mtu alikuwa amechimba mchanga hapa, akiingia chini ya ukingo, akauacha juu ukining'inia.

* * *

Kaloki hakuishi tena Itiani. Alikuwa amehamia Wamunyu, kwenye karakana ya wachongaji, na Kavutha alimkuta saa saba mchana akipiga msasa twiga wa mti wa mjakaranda. Vumbi la mbao lilikuwa limetanda kwenye nyusi zake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Nilishasema yote," alisema kabla hajaulizwa. "Tulikuwa tumesimama mtoni. Mpira wetu ulikuwa umeingia kwa Mzee wa Mochari. Tukamwona Muema akiingia langoni kuuchukua. Hatukumwona akitoka."

Neno kwa neno. Kavutha alikuwa na faili mapajani na hakuhitaji kulifungua.

"Mzee huyo mlikuwa mnamwogopa?"

"Nani hakumwogopa? Tulikuwa tunasema ana friji, ndani mna watu. Tulikuwa tunashindana nani atagusa ua wake arudi. Mimi niligusa mara mbili."

"Na Muema?"

Msasa ulipunguza mwendo. "Muema hakuwahi. Alikuwa mwoga kutuzidi sisi wote."

"Mwoga kutuzidi sisi wote," Kavutha alirudia, akaandika. "Hata kugusa ua hakuweza. Lakini siku hiyo akaingia langoni peke yake."

Kaloki alipuliza vumbi kwenye msasa.

"Na sasa? Bado unamwogopa?"

"Sasa mimi ni mtu mzima."

"Sijauliza hivyo."

"Huyo mzee ni mbaya, Afande." Sauti ilipanda ghafla, mafundi wawili wakageuza vichwa. "Lazima awe mbaya. Mtu mzuri hawezi kukaa peke yake hivyo miaka yote."

"Leo asubuhi nilisimama juu ya lile jiwe. Lango halionekani, Kaloki."

Kijana aliendelea kupiga msasa mahali pamoja, shingoni mwa twiga, mpaka shingo ikaanza kuwa nyembamba upande mmoja. Akauona uharibifu. Akamweka twiga chini.

"Muulize baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Baba yako alikuwa anafanya kazi gani mwaka ule?"

"Nimesema umuulize baba." Akaingia ndani ya karakana.

Kavutha hakumfuata. Baba yake Kaloki alikuwa Muthoka, mzee wa kanisa, aliyesimama Jumapili iliyopita mbele ya watu akaomba Mungu auchome uovu uliojificha Itiani. Ua wa Dedan ulikuwa umeungua siku iliyofuata. Mwaka 2011, kulingana na ukurasa mmoja wa faili ambao hakuna aliyeupa uzito, Muthoka alikuwa na lori la mchanga.

* * *

Mbinya alikuwa fundi cherehani Muthetheni sokoni, katika kibanda cha mabati kilichojaa sare za shule. Alipoona kitambulisho cha polisi aliinua mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza. Hakuuliza ni juu ya nini.

"Kaa hapa, Afande. Hicho kiti kingine kina mguu mbovu."

Kavutha aliketi. Alikuwa amejiandaa kuzunguka, kuuliza habari za kazi kwanza. Alipouona uso wa msichana huyo aliacha.

"Nimetoka kwa Mzee Dedan," alisema.

"Yuko mzima?"

"Yuko mzima. Unamjali?"

Mbinya alivuta uzi kwenye sindano, akauvuta tena. "Nikiwa mdogo nilikuwa naota anakuja na kitoroli cha maiti kunichukua. Nilikuwa nakojoa kitandani. Halafu nikiwa na miaka kumi na moja, kumi na mbili, nikaacha kuota. Nikawa namwona tu, mzee anapalilia mahindi yake. Lakini nilikuwa nazunguka njia ndefu nisipite kwake."

"Kwa nini, kama hukuwa unaogopa?"

"Ngoja nikuambie ya susu."

Susu, bibi yake, alifariki Julai mwaka wa 2020, wakati wa korona. Watu wa afya waliuleta mwili ndani ya mfuko, wakauacha, wakaondoka. Majirani walisimama barabarani. Hata wajomba hawakusogea. Mbinya, akiwa na miaka kumi na sita, alikuwa ameketi chini ya dirisha akilia, ndipo Dedan alipotokea kwa miguu, amevaa glavu na aproni, akamwomba mama yake ruhusa kwa heshima, akaingia.

"Alimuosha," Mbinya alisema. "Alikuwa anamwongelesha. 'Sasa tunainua mkono, mama. Sasa tunageuka.' Akamvalisha nguo ya kanisani, akamfunga kitambaa vizuri. Mimi nilikuwa dirishani. Nikaona hiyo mikono yake. Afande, ni kama alikuwa amebeba mtoto mchanga. Kisha akaenda bila kunywa hata maji, kwa sababu hakuna mtu aliyempa."

"Na wewe?"

"Nilijificha. Tangu siku hiyo nikajua vile nilivyofanya." Machozi yalikuwa yameanza lakini sauti ilishika njia yake. "Woga uliisha, aibu ikakaa mahali pake. Nikaendelea kuzunguka ile njia ndefu."

Kavutha alitoa fomu za maelezo, akamweleza kwa utaratibu: kwamba mtoto wa miaka saba hashtakiwi, kwamba hakuna anayemlazimisha, kwamba kila ukurasa atausoma na kuutia sahihi. Kisha akauliza swali moja.

"Mlirudi wangapi kutoka mtoni?"

"Wawili."

Akasimulia. Mpira ulirukia kwa Dedan na hakuna aliyethubutu kuufuata. Wakateremka mtoni kucheza kwenye shimo ambalo Muthoka alikuwa akichimbia mchanga, shimo lenye kivuli kizuri chini ya ukingo. Muema alikuwa ndani kabisa, akijenga nyumba. Udongo ulianguka wote kwa mara moja. Muthoka alikuja mbio na sepetu, akachimba kama mwendawazimu, mikono ikatoka damu. Kisha ukingo ukaanguka mara ya pili, karibu umzike yeye pia, akaruka nyuma. Akaketi. Akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Mlikuwa mnamsikia Muema?"

"Mara ya kwanza, ndiyo. Baada ya ule udongo wa pili, hapana."

Kazi ya mchanga ilikuwa imepigwa marufuku mtoni hapo mwaka ule. Muthoka aliwashika watoto mabega, mwanawe na mtoto wa jirani, akawaambia: Muema ameenda kwa Mzee wa Mochari. Semeni. Mkisema kingine, mtafungwa nyinyi, maana mlicheza mahali mlipokatazwa. Akawafundisha maneno. Wakayarudia njia nzima, kama shairi la shule, mpaka wakafika nyumbani.

"Ilikuwa rahisi," Mbinya alisema. "Hiyo ndiyo inaniuma. Hakuna mtu aliuliza swali la pili. Ukisema ni Mzee wa Mochari, kila mtu anaamini."

Alitia sahihi kurasa nne. Kavutha alitoka nje, akampigia mkuu wa kituo, akasoma jina la Muthoka herufi kwa herufi. Nusu saa baadaye Mutuku alipiga simu. Muthoka hakuwa amekimbia. Walimkuta ameketi nje ya nyumba yake, viatu vya kanisani miguuni siku ya Jumatano. Mwanawe alikuwa amempigia kutoka Wamunyu tangu mchana.

"Amesema kitu?"

"Amesema mchanga ulikuwa mwingi, Sajini. Analirudia hilo tu."

* * *

Syombua aliambiwa kwanza, maana ilikuwa haki yake. Mbinya alikataa kubaki nyuma, akamwambia mwenyewe, amepiga magoti sakafuni. Syombua alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga mayowe. Alimuuliza Mbinya kama mtoto alilia kwa muda mrefu, Mbinya akamwita mwaitu, mama, akasema hapana, si muda mrefu. Syombua akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima Kavutha na Mbinya walipofika kwa Dedan. Alikuwa akichomoa nguzo za ua zilizoungua na kusimamisha nyingine, peke yake, kila nguzo akiipima kwa jicho. Kavutha alimweleza kwa maneno machache. Dedan aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa saa.

Kisha Mbinya akasogea mbele. Hakuwa amewahi kusimama karibu naye hivyo.

"Guka," alisema, na Kavutha akaelewa kwamba Mbinya alikuwa amelitafuta mapema neno hilo la kumwita babu, la watu wa kwao Dedan, akaliweka tayari. "Mimi ni Mbinya. Ni mimi nilisema uongo juu yako."

"Najua. Nilisikia sauti yako ikirudi."

"Ulijua miaka yote?"

"Ulikuwa na miaka saba."

"Nilikuwa na kumi na sita ulipomuosha susu. Nilikuwa najua kuongea. Sikuongea."

Dedan hakusema kwamba si kitu. Aliegemea nguzo aliyokuwa ameishika.

"Hiyo nayo ni kweli," alisema.

Upepo ulipita ukainua majivu, ukayatua. Mbinya alikuwa akilia bila kujifuta.

"Nisamehe, guka."

Mzee alitazama shamba lake, akatazama barabara, ambako wanawake wawili wenye mitungi walikuwa wamesimama wakitazama.

"Leo nimeongea na watu wengi kuliko mwaka mzima," alisema. "Nimechoka. Siwezi kukujibu leo."

"Sawa."

"Kuja kesho. Kuja asubuhi, jua likiwa limetoka. Na upite barabarani, watu wakiona."

Akachukua sepetu yake, akarudi kwenye shimo la nguzo, akaendelea kuchimba. Mbinya alisimama hapo kidogo, kisha akamfuata Kavutha garini, akaketi, akafunga mkanda. Walipokuwa wamefika njia panda alimwomba Kavutha asimame. Alisema angependa kutembea kutoka hapo, kwa ile njia fupi inayopita kwa Dedan.